Miezi Sita ya Uso

Chunusi za Anitha hazikuwa zile za kupita, zinazokuja na mtihani na kuondoka na matokeo. Zake zilihamia usoni akiwa darasa la saba, zikapapenda, zikaita ndugu zao. Kufikia mwaka elfu mbili na nne, yeye akiwa na miaka ishirini na minne na kazi ya kutoa fotokopi karibu na ofisi za wilaya pale Kilosa, zilikuwa wenyeji kuliko mwenye uso. Ilibaki tu waombe hati ya kiwanja.

Si kwamba hakusaidiwa. Watu wa Kilosa wana huruma. Huwezi kukatiza sokoni na chunusi tatu bila kupewa dawa nne. Aliambiwa apake dawa ya meno. Aliambiwa apake mkojo wa asubuhi, wa kwake mwenyewe, maana walau walikuwa na adabu. Aliambiwa aolewe tu, zitakwisha, na aliyemwambia hivyo alikuwa mama wa watoto watano mwenye chunusi mpaka shingoni. Soko huria nalo lilileta mchango wake. Zamani za mama yake watu walipanga foleni kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Sasa mtaa mmoja usio na maji ya bomba ulikuwa na maduka matatu ya vipodozi, na mtu aliweza kuuunguza uso wake kwa bidhaa za mabara manne bila foleni yoyote. Anitha aliyajaribu mabara yote manne. Chunusi zilifurahia sana kutembelewa na wageni.

Mwishowe akaenda kwa Dokta Urbanus, daktari wa ngozi aliyekuja kutoka Morogoro mara moja kwa mwezi na kukodi chumba nyuma ya duka la dawa. Dokta Urbanus alikuwa mtu mkavu, hana maneno ya kubembeleza. Alimtazama, akamtuma akapimwe damu, akamtuma akapimwe mkojo kuhakikisha hana mimba, kisha akamwandikia vidonge laini vya kumeza kila siku kwa miezi mitano. Alisema mengi kuhusu mimba, yote ya kutisha. Halafu akaja kwenye uso.

"Ukimaliza kidonge cha mwisho, ngozi yako itakuwa bado dhaifu. Mtu asikubandue uso kwa dawa, asikunyoe kwa nta, asikusugue kwa mashine. Miezi sita kamili. Ukibanduliwa kabla ya hapo, panaweza kuchimbika kidonda na kubaki kovu. Umesikia?"

"Nimesikia, dokta."

"Wote husikia," alisema Dokta Urbanus, akaita mgonjwa mwingine.

Vidonge vilifanya kazi. Kwanza vilimpasua midomo ikawa kama shamba la mpunga mwezi wa kumi, vikamkausha pua, vikamfanya aogope jua. Lakini mwezi wa tatu chunusi zikaanza kufungasha. Wa tano zikaondoka kabisa, zikiacha madoa meusi hapa na pale, kama wapangaji wanaohama bila kufagia.

Tatizo lilikuwa boksi la dawa. Lilikuwa na picha ya mwanamke mwenye tumbo kubwa, amekatwa na mstari mwekundu kuanzia begani mpaka kiunoni. Shangazi Verdiana, dada mkubwa wa baba yake, muuza mitumba ambaye macho yake yaliona tundu la nondo kwenye sweta akiwa ng'ambo ya barabara, aliliona boksi hilo siku ya kwanza tu.

"Hii nini?"

"Dawa ya chunusi, shangazi."

"Chunusi gani ina mimba? Huyu mama kafanya nini mpaka wamchore mstari?"

"Maana yake mwenye mimba asimeze."

"Wewe unajua maana yake. Mimi najua maana yake. Sasa tafuta mtu wa upande wa bwana harusi ambaye atajua maana yake." Shangazi alikuwa tayari ametoa vidonge vyote na kuvimwaga kwenye kopo la maziwa ya unga. "Wakiliona hili watasema tunawapelekea binti aliyefunga uzazi. Mahari irudi, na sisi tuonekane matapeli."

Boksi likaingia jikoni kwenye moto pamoja na karatasi zake zote, zile za maandishi madogo ambazo Anitha, kwa mazoea ya kazi yake, alikuwa amezisoma mara mbili. Miezi yote iliyofuata, maboksi mengine manne yalipikia maharage. Na kila aliyeuliza kuhusu kopo aliambiwa ni vidonge vya kuongeza damu.

Bwana harusi alikuwapo kweli, si wa kufikirika. Aliitwa Lupakisyo, dereva wa gari la watalii Mikumi, kijana mpole aliyezoea kukaa kimya mbele ya tembo na akadhani ndivyo mtu anavyokaa mbele ya mama yake pia. Mama huyo, Tumwagile, alikuja kutoka Kyela miaka mingi nyuma na gunia la mchele, akakuta barabara kuu ina wasafiri wenye njaa, hakurudi. Dada wa Lupakisyo aliitwa Yunis. Yunis alikuwa na sauti, pikipiki, na maoni.

Sasa, kwa akina Anitha, watu wa milimani wenye kanisa lao la mawe na taratibu zao ambazo hata kanisa liliamua kuziacha zilivyo, kulikuwa na sharti. Siku mwali anapokabidhiwa kwa somo wake, na somo wa Anitha alikuwa shangazi Verdiana, hana ruhusa ya kusema neno mbele ya wakwe mpaka siku ya kanisani. Akisalimiwa, anainama. Akiulizwa, somo anajibu. Akicheka, anacheka ndani. Mwali akijibu mwenyewe, wakwe wana haki ya kusema hakufundwa.

Anitha alikabidhiwa mwezi mmoja kabla ya harusi. Wiki moja baadaye Yunis alipiga simu kwa jirani, akaleta habari njema: mawifi wamejichanga, bibi harusi aje Mikumi Jumamosi, atengenezwe uso na Costancia mwenyewe. Zawadi.

Kukataa zawadi ya mawifi ni kutangaza vita, na kwa vita ya namna hiyo silaha yote ilikuwa upande wa pili.

Jumamosi walipanda basi la alfajiri. Walipita Ulaya, kile kijiji ambacho kondakta humwuliza kila abiria kama ana pasi ya kusafiria na yeye peke yake ndiye hucheka, wakapita Zombo, vumbi likiingia madirishani na kumtengeneza Anitha uso bure kabla ya Costancia.

"Shangazi," alisema, maana ndani ya basi hakukuwa na mkwe, "kama ni kupaka matango, sawa. Kama ni kubandua, sitaki. Dokta alisema miezi sita. Mimi nina wiki saba."

"Dokta alisema, dokta alisema. Dokta anataka urudi kwake na pesa. Umeona wapi ngozi yenye kalenda?"

"Karatasi nazo zilisema."

"Karatasi zipi?"

Karatasi zilikuwa majivu, na majivu alikuwa amezoa yeye mwenyewe.

"Nikikwambia nitasema, nitasema," shangazi akamalizia, akilaza kichwa kwenye kiti. "Mimi ndiye mdomo wako. Mdomo wako una akili kuliko wewe."

Saluni ya Costancia ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya Zambia yakipita hata chupa za rangi za kucha zilitikisika kwa heshima. Palikuwa na vikausha nywele viwili, na chini ya kila kimoja mteja, kioo kimoja, na cheti cha urembo kikubwa kuliko kioo. Costancia alisomea Dar es Salaam wiki mbili, na mambo mengi aliyoyajua aliyapata kwa wateja waliorudi kulalamika. Hayo ndiyo mafunzo bora kabisa, maana hayatoki kichwani.

"Karibuni, karibuni! Bibi harusi huyo! Mbona hasalimii?"

"Yuko chini ya sharti," alisema shangazi Verdiana. "Mimi ndiye nasema."

"Jamani, mngetuletea sharti hilo na sisi tulioolewa," alidakia mteja wa kikausha nywele cha kwanza. "Mume wangu angefurahi nikinyamazishwa hata siku mbili."

Yunis alicheka, akamshika Anitha kidevu na kumgeuza kuelekea mwanga kama anayenunua nyanya. "Uso mzuri, ila haya madoa. Costancia, mpe ile ya kubandua. Nataka siku ya harusi kaka yangu asimtambue."

Anitha alimtazama shangazi. Shangazi alitazama cheti.

Costancia akatoa chupa ndogo ya kahawia, na lazima tumtendee haki: aliisoma. Aliisoma kwa kidole, midomo ikienda taratibu, kwa sababu mwaka uliopita kuna mke wa fundi gereji ambaye hakumsomea, akarudi na shavu limeungua. Kisha akauliza kwa sauti ya ofisini:

"Bibi harusi ametumia dawa yoyote ya kumeza mwaka huu? Hasa za chunusi? Kuna vidonge vingine ukichanganya na hii, ngozi inatoka mpaka pasipotakiwa."

Hapo ndipo siku nzima iliposimama. Swali lilikuwa limeulizwa, tena vizuri. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti, limefungwa taulo shingoni.

Anitha alinyoosha mguu, akamkanyaga shangazi.

"Mtoto wetu huyu?" alisema shangazi Verdiana, akiutoa mguu wake chini ya kiatu bila kukunja uso. "Hajui hata kidonge cha kichwa. Kwetu tunakula mboga za majani."

Anitha akamkanyaga tena, kwa kisigino.

"Mbona anahangaika?" aliuliza Yunis.

"Aibu. Kalelewa vizuri."

"Basi sawa," alisema Costancia, akamlaza kichwa nyuma, akamfunika nywele, akaanza kumsafisha kwa pamba iliyonuka spiriti. Ngozi ilianza kuwaka kwa pamba tu. Anitha akaangalia dari, ambako kulikuwa na doa la mvua lenye umbo la mbuzi, akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri katika maisha yake ya fotokopi.

Akisema, amemvua nguo shangazi mbele ya wakwe, amevunja sharti, amejionyesha hakufundwa, na swali la pili litakuwa ni vidonge gani, na la tatu ni kwa nini vilifichwa, na hapo yule mama wa kwenye boksi atatembea na mstari wake mwekundu Mikumi nzima mpaka jioni. Akinyamaza, atakwenda kanisani akiwa amefundwa vizuri sana, uso umechunika kama kiazi. Sharti lilikuwa limebakiza wiki tatu. Uso aliutegemea kwa muda mrefu kidogo zaidi ya hapo.

Ungetegemea mtu aamue mara moja. Hakuamua. Alilelewa vizuri, kama ilivyokwisha kuelezwa. Akasubiri kwanza shangazi aone huruma, na shangazi akasubiri mambo yaishe, na brashi haikumsubiri yeyote. Ilitua chini ya sikio la kulia na kuteremka kwenye taya mpaka karibu na kidevu, baridi kwanza, halafu moto.

"Nioshe!"

Yunis aliruka. Hakuwahi kuisikia sauti hiyo, na wala hakutegemea iwe nene.

"Nioshe, dada, nimemeza vidonge vya chunusi miezi mitano! Nina wiki saba tu toka niache! Maji!"

Costancia hakuuliza swali. Tuseme ukweli, hiyo ndiyo faida ya mke wa fundi gereji. Alimkokota mpaka kwenye karai, akammiminia jagi la kwanza, la pili, la tatu, akilia kwa hasira, "Niliuliza! Jamani si niliuliza? Mlinisikia nikiuliza?"

"Tulisikia," alisema mteja wa kikausha nywele cha kwanza. Yeye na mwenzake walikuwa wamevizima vyote viwili, wasipitwe na neno.

Maji yalipoacha kutiririka, taya ilikuwa na mchirizi mwekundu wa upana wa vidole viwili, umenyooka, kazi ya mkono uliotulia. Sehemu nyingine zote za uso zilikuwa salama. Zilikuwa na madoa yale yale, lakini zilikuwa salama.

"Vidonge gani?" Yunis aliuliza.

"Vya minyoo," alisema shangazi Verdiana haraka.

"Amesema vya chunusi."

"Minyoo ndiyo ilileta chunusi."

"Shangazi," alisema Anitha, akidondokwa na maji, "pumzika."

Lilikuwa neno dogo, tena la heshima, ila ndani ya saluni ile lilisikika kama sahani imeanguka. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshavunja sharti na haliwezi kuvunjika mara mbili, akaeleza yote: Dokta Urbanus, miezi sita, kopo la maziwa. Wateja walisikiliza wakionekana kukata tamaa kidogo. Walitegemea ugonjwa wenye jina. Kisha Yunis akauliza lile swali la tatu, kwa nini vilifichwa, na Anitha akaeleza picha ya mwanamke mwenye mstari. Hapo wateja wakapona.

"Ehee," alisema mmoja.

"Ehee," alisema mwenzake.

Yunis hakusema ehee. Alichukua ufunguo wa pikipiki. "Twende kwa mama."

Mama Tumwagile alikuwa kwenye banda lake la mchele, hatua mia mbili kutoka pale, na habari ilikuwa imemfikia kwa miguu kabla pikipiki haijawaka. Ilifika imenenepa: Binti amekatwa uzazi Kilosa. Binti ameungua uso mzima. Binti amempiga shangazi yake. Mama Tumwagile aliwatazama wakiingia, akaona uso haujaungua mzima na shangazi anatembea mwenyewe, basi akapunguza hapo hapo theluthi mbili za habari.

"Shikamoo, mama," alisema Anitha, akipiga goti.

"Marahaba." Mama Tumwagile akaweka chini kipimo cha mchele. "Kumbe unaongea."

"Mama Lupakisyo," alianza shangazi Verdiana, akijiweka sawa kitenge, "hili jambo lina historia ndefu, na mimi kama somo wake..."

"Wewe ndiye uliyesema anakula mboga za majani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kaa hapo kwenye gunia, mama, upoe. Huyu ameshafunguka mdomo, tumtumie." Akamgeukia Anitha. "Sogea. Nani kakuchora hivi?"

"Ni brashi, mama. Nilichelewa kusema."

"Ulichelewa kwa nini?"

"Niliogopa mtasema sikufundwa."

"Tungesema," alikiri Mama Tumwagile. "Yunis angesema wiki nzima. Haya. Hiyo dawa inaua uzazi?"

Yunis alikunja mikono. Shangazi alishika kichwa. Nje lori la matangi lilipita, na wote watano, pamoja na mnunuzi wa mchele aliyekuwa amesahau kabisa kununua, walilisubiri limalize.

"Hapana, mama. Inamdhuru mtoto kama mama anameza akiwa na mimba. Ndiyo maana ya picha. Mimi sikuwa na mimba, walinipima. Nimemaliza."

"Mtu asiwe na mimba mpaka lini?"

"Mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho."

"Na wewe una muda gani?"

"Wiki saba."

Mama Tumwagile alihesabu. Hakuhesabu kwa vidole. Mtu aliyepima mchele miaka ishirini anahesabu kwa macho. "Kwa hiyo huko umepita."

"Nimepita, mama."

"Hiyo miezi sita wanayoipigia kelele huko saluni ni ya nini?"

"Ya uso tu. Mpaka Krismasi nisibandue."

"Ya uso tu." Akamgeukia binti yake. "Yunis, umeniletea mtu mbio, umewasha pikipiki kwa hatua mia mbili, kwa ajili ya mashavu?"

"Mama, lakini ile picha..."

"Mjukuu wangu atatokea shavuni?"

Mnunuzi wa mchele alicheka, akatazamwa, akaacha.

"Uso usubiri," alisema Mama Tumwagile. "Harusi iko pale pale. Na hapo kwenye taya asipake mtu kitu, wala Costancia, wala wewe, wala mama huyu wa mboga za majani. Huyo daktari anakuja lini?"

"Jumanne," alisema Anitha.

"Jumanne uwe wa kwanza mlangoni."

Alikuwa wa kwanza mlangoni. Dokta Urbanus aliutazama mchirizi, akaupima urefu kwa rula yake, akaandika mafuta mazito ya kupaka na kofia pana ya kuvaa juani. Alimwambia litabaki doa jeusi, labda mwaka, labda zaidi, na kwamba ana bahati ya kipumbavu. Hakuuliza kama alisikia mara ya kwanza. Kwenye picha zote za harusi doa hilo lipo, limenyooka, na mpiga picha alihangaika sana kumgeuza upande wa kushoto bila mafanikio.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile bandani, shangazi Verdiana aliona kwamba mvua imepita na paa limebaki, akainuka kwenye gunia, akajifuta unga wa mchele nyuma ya kitenge, akakohoa, akafungua mdomo kutoa shukrani kwa niaba ya mwali.

"Asante sana, mama," Anitha akamwahi.